Kupiga au Kuonekana?



Likizo iliyopita mdogo wangu, anayejifunza gitaa kwenye kwaya ya vijana, aliniomba tukachague gitaa lake la kwanza la umeme. Mama alikuwa ameuza mahindi. Hela ilikuwepo, ila si ya kukosea. Dogo akapenda moja jekundu, linang'aa, ambalo lingemaliza hela yote.

Nikamwambia: amplifaya je? Gitaa la umeme bila amplifaya utajisikia mwenyewe tu. Bora Squier, hao hao Fender kwa bei nafuu. Kagua shingo isiwe imepinda, nyuzi zisikae juu sana zikakuumiza vidole, na likishatuniwa lisihame sauti haraka.

Akanuna. Basi nikamletea Aristotle: mtu huwa mpiga kinubi kwa kupiga kinubi. Fadhila nazo ni hivyo hivyo, huja kwa kutenda, wala haziuzwi dukani. "Sasa, unataka kupiga au kuonekana?"

Akaniangalia. "Na wewe kaka, ile kanzu?"

Nilicheka. Usiku sikucheka. Nilikumbuka siku niliyovaa kanzu mara ya kwanza: picha nilipiga nyingi, sala sikumbuki hata moja.

Tulinunua la bei nafuu na amplifaya ndogo. Yeye hufanya mazoezi kila jioni. Mimi najifunza kusali pale ambapo hakuna anayeniona.

Na wewe kijana mwenzangu, kile unachokililia, ungekitaka hata kama hakuna wa kukutazama?