Rafiki Walio Mbali na Ndugu Walio Karibu

Unajua mambo yanavyokuwa Lubumbashi masomo ya mwaka yakiisha. Vijana walioishi miezi mingi katika chumba kimoja, wakila bukari ya sufuria moja na kuazimana madaftari, wanafunga masanduku yao. Mmoja anakwenda Kolwezi, wa pili Kamina, wa tatu Kalemie kando ya Ziwa Tanganyika. Siku ya kwanza nyumbani ni furaha. Mama anapika samaki, wadogo wanashangilia. Lakini siku ya nne moyo unakuwa mzito. Hakuna wa kubishana naye juu ya masomo, hakuna wa kucheka naye maneno yale yale. Kijana amerudi kwao, naye anakaa kama mgeni.

Je, uchungu huo ni utoto tu? Wazee wengine husema: «Vakansi ni miezi michache, analilia nini?» Mimi nasema si utoto. Mtu asiyeona upungufu wowote rafiki yake akienda, huyo hakuwa na rafiki, alikuwa na jirani tu. Hata hivyo, uchungu ulio mwema unaweza kutupoteza njia. Basi tuwaze pamoja, pole pole.

Aristotele, mwenye hekima wa Wayunani wa kale, alifundisha kwamba urafiki ni wa namna tatu. Wengine wanapendana kwa sababu ya faida, wengine kwa sababu ya kufurahishana, na wengine kwa sababu kila mmoja anapenda wema wa mwenzake na kumtakia mema kwa ajili yake mwenyewe. Alisema pia kwamba umbali hauvunji urafiki wenyewe, unazuia matendo yake tu. Lakini watu wakitengana muda mrefu sana, huweza kuusahau.

Kwa hiyo vakansi ni kama ungo: inapepeta. Yule niliyempenda kwa ajili ya daftari zake, mtihani ukiisha simkumbuki tena. Yule wa mpira na michezo, nampata mwingine mtaani kwetu. Lakini yuko mmoja ambaye, nikiona jambo zuri, nasema moyoni: «Laiti naye angaliliona!» Huyo ndiye rafiki. Nisingalimtambua vema kama tusingalitengana.

Tunao mfano wa zamani. Katika karne ya 4, Basili na Gregori wa Nazianzi, wote wawili watu wa Kapadokia, walisoma pamoja huko Athene. Masomo yalipokwisha, Basili akaondoka, Gregori akabaki kwanza. Kutengana kule kulimwuma Gregori sana, hata miaka mingi baadaye alikumbuka habari hiyo aliponena sifa za Basili aliyekwisha kufa. Baadaye Basili alikaa peke yake huko Ponto, naye Gregori akamsaidia baba yake mzee kwao. Waliandikiana barua, hata wakataniana juu ya ubaya wa makao ya kila mmoja. Lakini tusidhani kwamba urafiki wao haukujua dhoruba. Mwaka 372 Basili alimfanya Gregori askofu wa Sasima, mji mdogo asioutaka, na Gregori akaona uchungu mwingi. Basi hata rafiki wakubwa wanaweza kuumizana. Wala si umbali peke yake unaojaribu urafiki.

Sasa nitasema kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi, simu za mkononi hazijaenea bado, nilirudi Kalemie na uchungu huo. Nilikaa barazani nikisoma tena barua za wenzangu. Rafiki yangu wa utoto, ambaye hakupata nafasi ya kuendelea na shule na alikuwa akivua ndakala usiku, alikuja kunisalimu asubuhi tatu. Nilimjibu kwa maneno mafupi, macho yangu katika karatasi. Asubuhi ya nne hakuja.

Mama akaniuliza: «Mwanangu, wale wa Lubumbashi unawalilia kwa sababu wako mbali. Na huyu aliyekungoja mwaka mzima, amlilie nani?»

Sikuwa na jibu. Nilijiona kuwa ndimi niliyeachwa, kumbe mwaka mzima ndimi niliyewaacha wengine. Jioni nilimfuata ufukoni. Alinipokea kwa adabu, lakini si kwa moyo wote, na alikuwa na haki. Nilihitaji kurudi mara nyingi kabla hajaniambia: «Panda mtumbwi, twende.»

Siku hizi simu ipo, na kijana aweza kusemezana na wenzake kila siku, mtandao na fedha vikimruhusu. Ni jambo jema. Lakini hatari ni ile ile: mwili kukaa nyumbani na moyo kukataa kufika. Urafiki unaotufanya tuwadharau watu wa nyumbani mwetu umekwisha kuharibika, hata kama tunauita mapendo.

Basi, wewe mwanafunzi, fanyaje? Usione haya kwa huzuni yako. Mwandikie rafiki yako, umweleze uliyoyaona na uliyoyafikiri, si malalamiko tu. Akichelewa kujibu, usimshitaki moyoni. Pengine yuko shambani na baba yake. Kisha weka barua au simu pembeni, uende kwa wale wanaokusubiri. Wahenga walisema: «Milima haikutani, binadamu hukutana.» Siku mtakapokutana tena, rafiki yako atakuuliza: «Habari za nyumbani?» Ole wako ukikosa la kumjibu, kwa sababu ulikuwako, wala hukuwako.