Siri Inayolindwa na Uwazi

Je, siri inaweza kulindwa na chombo ambacho kila mtu anakiona undani wake? Mtaalamu wa usimbaji Auguste Kerckhoffs alijibu ndiyo mwaka 1883: mfumo wa kuficha ujumbe uwe salama hata adui akiujua wote, mradi ufunguo ubaki siri. Mfano wa leo ni WireGuard, njia ya kupitisha mawasiliano yaliyosimbwa ambayo programu yake yeyote anaweza kuisoma: iliingia katika kiini cha mfumo endeshi wa Linux mwaka 2020 ikiwa na mistari ya programu takriban 4,000, michache kiasi cha mtu mmoja kuweza kuikagua. FreeBSD, mfumo endeshi mwingine ulio wazi, nayo iliondoa toleo lake la WireGuard kabla ya kutoa 13.0 mwaka 2021, baada ya kasoro kubainika hadharani. Likarudi katika 13.2, mwaka 2023.

Atasema mtu: wanaosoma programu ni wachache, wengine tunaamini tu. Kweli, lakini imani inayokubali kuhojiwa ina uzito kuliko inayokataza maswali. Mwingine atasema faragha humficha mhalifu. Humficha, hata hivyo Surat al-Hujurat ya Kurani inakataza kupelelezana, wala haimtaki mtu kwanza athibitishe kuwa hana hatia. Anayepaswa kuwa wazi ni mtengenezaji wa kufuli. Mwenye nyumba hadaiwi maelezo.