Usikizi wa Mwanafunzi ni Deni la Nani?

Ndugu zetu Waislamu, katika miji yetu ya pwani, tangu Lamu hata Vanga, mtoto hutoka skuli, akala chakula chake, kisha akaenda chuoni. Hukaa juu ya jamvi na juzuu mbele yake. Mwili wake upo na moyo wake haupo. Mwalimu akimwona anasinzia humwita mvivu, na mzazi akipewa khabari husadiki. Swali letu leo ni hili: kumfanya mwanafunzi asikize ni wajibu wake yeye, au ni wajibu wa mwalimu wake?

Wako wasemao kuwa ni wa mwanafunzi peke yake, na hoja yao si ya kudharauliwa. Husema kuwa elimu haipatikani ila kwa subira. Kuwa wazee wetu walisomeshwa kwa ukali, na wakatoka miongoni mwao wanavyuoni wakubwa. Na kuwa mwalimu akianza kubembeleza, chuo kitageuka mchezo. Sisi twakubali kuwa subira ni sharti ya elimu. Lakini subira nayo hufundishwa, wala mtoto wa miaka saba haji nayo kutoka nyumbani kama ajavyo na juzuu yake. Ama wale waliotoka wanavyuoni, twawahisabu kwa kuwa majina yao yamebaki. Wale waliokimbia chuo wasirudi tena, ni nani aliyewahisabu?

Tumtazame Mtume (S.A.W.), naye ndiye mwalimu wa walimu. Amepokea Ibn Masud, katika Sahihi Bukhari, kuwa Mtume alikuwa akiwachagulia masahaba nyakati za kuwawaidhi, kwa kuchelea wasichoke. Ikiwa hao, waliotoa mali na nafsi zao kwa ajili ya dini, walichelewa kuchoka, itakuwaje kwa mtoto aliyeketi darasani tangu asubuhi? Amepokea tena Ibn Umar kuwa Mtume aliwauliza masahaba ni mti gani usiopukutisha majani, ulio mfano wa Muislamu. Wakawaza miti ya nyikani. Mwisho akawaambia kuwa ni mtende. Angaliweza kuwaambia tangu mwanzo, lakini aliwauliza kwanza, nyoyo zikaona njaa ya jibu. Na Muawiya bin al-Hakam, aliyesema ndani ya sala kwa kutojua, ameeleza katika Sahihi Muslim kuwa Mtume hakumkemea, wala hakumpiga, wala hakumtukana, na kuwa hakupata kuona mwalimu aliye bora kuliko yeye.

Wanavyuoni walilifahamu jambo hili. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), alipohisabu katika Ihya wajibu wa mwalimu alitanguliza huruma, awafanye wanafunzi kama wanawe. Ibn Khaldun naye, katika Mukadima aliyoiandika mwaka 1377, alionya kuwa mtoto alelewaye kwa ukali hujifunza uwongo na hila, akadhihirisha yasiyo moyoni mwake.

Hapa ndipo penye khatari. Mwalimu mwenye bakora huona chuo kimenyamaza, akadhani kinasikiza. Na kimya cha khofu si usikizi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 29, imekataza adhabu ya viboko. Lakini sheria huzuia mkono tu. Ulimi wa kejeli nao huumiza, na jeraha lake halionekani.

Basi mwalimu afanye nini? Qur'ani haibadiliki hata herufi moja, wala kuhifadhi hakuachwi. Lakini njia ya kufundisha ni kama tanga: hugeuzwa kwa kufuata upepo, na bandari ni ile ile. Kabla mtoto hajaihifadhi Suratul Fiil, na asimuliwe khabari ya Abraha na tembo wake waliokuja kuivunja Alkaaba. Akikijua kisa, maneno yatapata mahali pa kukaa. Somo na lifupishwe. Baada yake wanafunzi wasiulizwe, "Mmefahamu?" kwani wote wataitika, "Naam." Waambiwe, "Nielezeni." Mkubwa na amsomeshe mdogo, maana asomeshaye hujua alipopungukiwa. Na akisinzia mmoja, mwalimu amuulize mtoto. Wakisinzia wote, ajiulize nafsi yake.

Kwa hivyo twasema kuwa deni hili ni la wawili, lakini aanzaye kulipa ni mkubwa, kwa kuwa yeye ndiye mwenye akili timamu na ndiye aliyepokea amana. Mzazi naye asidhani kuwa amemaliza wajibu wake kwa kulipa ada. Na aulize mtoto amefahamu nini, wala si amefika sura gani tu. Wangapi wamekhitimu msahafu, wakaufunga, wasiufungue tena mpaka msiba uwafikie? Hao hawakukosa kusomeshwa. Walikosa kupendezeshwa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape walimu wetu hekima na subira, na awape watoto wetu nyoyo zenye kusikiza. Amin.