Aliye Wetu

Wanangu, kaeni. Aliye na haraka aende, sina tena pumzi ya kumwita mtu mara mbili.

Nimeyasikia mliyosema jana kwa chifu kuhusu wale mbuzi walioibiwa. Nyote hamkuona kitu. Nyayo zilipita hapa mchana kweupe zikaingia boma tunalolijua, na huku kwetu Waso, Isiolo, hakuna vijana wanaozisoma nyayo kuwashinda ninyi. Lakini jana macho yenu yote yaliugua siku moja.

Mnaniambia, mzee, yule ni wetu. Najua ni wetu, babu yake nilichunga naye. Kumsema mtu wa mbali hata mwongo anaweza.

Mnapenda niwasimulie Daaba, mateso yetu ya kambini, na sichoki kuisimulia, ingawa mengine yote yamenichosha. Wakati wa vita vya Shifta watu waliswagwa pamoja na mifugo yao hadi kambini, Garbatulla, Merti, Modogashe. Kwenda malishoni ni kwa kibali. Wanyama waliosongamana wakamaliza majani, wakafa, na wengine wakapigwa risasi. Mtu aliyeingia kambini akihesabiwa kuwa tajiri alitoka akiomba unga. Kisha mwaka 1970 Bunge likatunga sheria ya kuwakinga askari na maafisa wasishtakiwe kwa waliyoyatenda kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967 katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki, Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Mtu ameumizwa, kisha anafungiwa mlango wa mahakama.

Ikaja Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano. Ilichukua taarifa zaidi ya 40,000 nchi nzima, ikakabidhi ripoti Mei 2013, na papo hapo makamishna watatu wa kigeni wakakataa kuitia sahihi sura ya ardhi, wakilalamika kwamba imeguswa kwa shinikizo. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi bungeni akaahidi hazina ya shilingi bilioni 10. Ripoti yenyewe Bunge halikuipitisha. Mkikasirika kwa hayo siwalaumu.

Ila niambieni, ni wangapi wenu mnaokaa wadi ya Wabera? Nikiuliza Wabera ni nani, mnanijibu ni jina la mtaa. Dabasso Wabera alikuwa Mkuu wa Wilaya wa Isiolo, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti kile. Juni 1963 aliuawa upande wa Modogashe pamoja na chifu mzee, Haji Galma Dido. Serikali haikuwaua. Waliowaua walikuwa upande wa waliotaka NFD, ile Wilaya ya Mpakani ya Kaskazini, ijitenge iungane na Somalia, na upande huo ulikuwa na wafuasi wengi hapa hapa kwetu. Nairobi wana barabara yenye jina lake, katikati ya jiji. Sisi kila mzee ana Daaba ya kusimulia mpaka usiku wa manane, ila ukimtaja Wabera tunakohoa, tunaagiza chai nyingine.

Mauaji yale hayakumpa mtu yeyote ruhusa ya kummalizia mjane ngamia wake. Hilo nitalisema mpaka niingie kaburini. Lakini tunadai Serikali ifungue mafaili yake yote, na letu moja tumelikalia. Anayetusikiliza si mjinga. Akishaona tumeficha moja, atatilia shaka hata yale mia tuliyoyasema kwa machozi.

Surat An-Nisaa, aya ya 135, inatuamrisha tusimamie ushahidi wa haki hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Jamaa wametajwa waziwazi kwa sababu Aliyetuumba anatujua. (Na ninyi mnaokwenda kanisani msicheke, amri ya kutoshuhudia uongo mnayo tangu Musa.)

Sasa turudi kwa mbuzi. Mwenye mali hatalala. Atakuja na watu wake usiku, na usiku hawachagui boma la mwizi, wanachukua la kwanza wanalokuta, na huenda ni la mama asiyejua lolote. Zamu yetu ya kuibiwa nayo itafika. Tutafuata nyayo hadi kwao, tutauliza, na kila kijana wa kule atatuambia hakuona kitu. Tutawajibu nini?

Kwa hiyo anzeni na mwenzenu. Mwendeeni leo kabla ya magharibi, mwambieni awarudishe mwenyewe, na mimi nitasimama naye mbele ya wazee wao, faini tuizungumze kama watu. Akikataa, kesho asubuhi rudini kwa chifu mseme mlichokiona, wangapi walipita na waliingia wapi, bila kuongeza mbuzi mmoja wala kupunguza. Mama yake akija kuwatukana, na atakuja, msimjibu. Mwambieni nimewatuma mimi, aje anitukane hapa.