Kudura na Kidonge cha Ijumaa

Mama alivunjika nyonga hatua mbili tu kutoka mlangoni kwetu, hapa Msambweni. Mkeka uliteleza kwenye saruji, naye akaenda nao. Majirani walikuja na neno moja: kudura. Nami nililisema, na bado naliamini. Ila siku zile za wodini, hata alipokwisha kutiwa chuma, neno hilo lilianza kunikwama kooni, maana niliukumbuka mkono.

Miaka mitatu nyuma alianguka akitoka kisimani, akavunjika kifundo cha mkono. Mzee mmoja wa kijijini anayeunga mifupa akaufunga, ukapona, tukasema kudura, basi. Hakuna aliyeuliza inakuwaje mtu aanguke akiwa amesimama tu na mfupa ukatike kama kuni kavu. Hata baada ya nyonga tuliruhusiwa kurudi nyumbani na dawa za maumivu peke yake. Ni daktari mwingine, baadaye, aliyetueleza kwamba hedhi ikikoma mfupa hupungua upesi kuliko unavyojijenga, na aliyevunjika mara moja namna hii yu karibu kuvunjika tena asipotibiwa. Akatutajia utafiti wa 2007: wagonjwa waliopasuliwa nyonga, kisha wakatiwa dawa ya zoledroniki mshipani mara moja kwa mwaka, walivunjika tena kwa uchache, pungufu ya thuluthi hivi, na vifo navyo vikapungua. Sisi tuliandikiwa alendroneti, kidonge kimoja kwa wiki.

Mama akakataa. "Mwanangu, lililoandikwa halifutwi kwa kidonge."

Sikubishana naye kwa mambo ya daktari. Nilimrudisha kwa Nabii Zakaria, katika Sura Maryam aliyonisomesha yeye mwenyewe. Mzee yule alimlalamikia Mola wake kwamba mifupa imemdhoofika, na papo hapo akaomba mtoto. Udhaifu hakuufanya kuwa ndilo jibu. Naona hapo ndipo tunapopotea sisi. Kudura ni neno la kuupokea msiba uliokwisha kushuka, nasi tunaufungulia nalo mlango msiba ule ambao bado uko njiani. Mkeka ukimwangusha mtu, hiyo ni kudura. Ukibaki palepale mlangoni mwezi mzima baadaye, huyo ni mimi.

Nikauondoa. Mama alininunia siku mbili. Nikatia chuma cha kushikia chooni, nikaongeza dagaa na maziwa, na asubuhi Mama hukaa ua wa nyuma mikono wazi apigwe na jua, maana buibui halilipitishi.

Kidonge alikikubali kwa siku aliyoichagua mwenyewe. Kila Ijumaa baada ya alfajiri, ambayo sasa huiswali ameketi kitini, hukimeza kwa gilasi nzima ya maji kabla ya kula chochote. Halafu nusu saa nzima asilale, kisije kikamchoma umio. Hukaa wima barazani na tasbihi yake. Ijumaa iliyopita nilitazama saa, nikamwambia muda umekwisha, chai i tayari. Akainua kidole nisubiri. Nyiradi zilikuwa bado.