Kungojana

Kila mwaka majira ya kuchipua yanapoingia katika nchi za kaskazini, mabasi makubwa ya safari hutoka katika miji ya mashariki ya Marekani yakielekea Washington, mji mkuu wa nchi ile. Kila basi huchukua watu hamsini au zaidi kidogo. Wamo wazee waliostaafu, wamo wanafunzi na walimu wao, wamo wageni waliotoka ng'ambo. Na wengi hawakupata kuonana kabla ya alfajiri ya siku ile. Kwa siku moja watu hawa huwa kama kijiji: wana mlango mmoja, kiongozi mmoja, dereva mmoja na wakati mmoja wa kurudi. Usiku kijiji huvunjika, na aghalabu watu wake hawaonani tena. Swali linalozaliwa katika kijiji hiki cha siku moja ni dogo kwa umbo, lakini mizizi yake ni mirefu. Mtu aliyelipa nauli yake ana deni gani kwa mtu aliyeketi kando yake? Na kama wakati wa kuondoka umefika, na mmoja hajarudi, ni haki angojwe au ni haki aachwe?

Kinachowavuta watu hawa ni maua. Kandokando ya bwawa liitwalo Tidal Basin imepandwa micheri ya Kijapani, ambayo hutoa maua kabla majani yake hayajakomaa, hata mti mzima huonekana kama umevikwa wingu jeupe lenye wekundu kidogo. Watunzaji wa miti husema maua yamefika kilele wakati sehemu 70 katika 100 za maua ya aina ya Yoshino zimefunguka. Kwa kawaida siku hiyo huwa baina ya mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili, nayo ni vigumu kuitabiri mapema, maana joto huiharakisha na baridi huichelewesha. Upepo mkali wa usiku mmoja waweza kuyamwaga maua chini. Basi tangu mwanzo safari hii ina bwana asiyesihiwa: ua halimngoji mtu. Kila dakika ya siku ile ina thamani kwa kila abiria, wala hapana mmoja awezaye kusema kwamba dakika yake ni bora kuliko ya mwenziwe.

Kiongozi wa kundi hutangulia ameinua mwavuli au kibendera ili asipotee machoni. Msomaji wa habari za pwani ya Afrika Mashariki ataikumbuka misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda bara, ambayo kirangozi wake alitangulia na bendera. Tofauti ya safari hizi mbili ni kubwa. Katika misafara ile wengi walikuwa wapagazi, na wengine watumwa. Mgonjwa aliyeshindwa kwenda aliweza kuachwa njiani na asiulizwe tena. Katika basi la leo kila mtu amekwenda kwa hiari yake na kwa fedha yake. Lakini bendera inapokwenda mbele, swali la aliyebaki nyuma ni lile lile.

Wako wasemao kwamba jambo hili halina utata. Safari ya kundi, kwa maoni yao, ni mapatano. Kiongozi ametaja saa tisa alasiri, na wote wamesikia. Asiyefika saa tisa amejitoa mwenyewe. Hoja hii ina nguvu ya hesabu. Mtu mmoja akichelewa dakika 20, na wenziwe 50 wakamngoja, zilizopotea si dakika 20 bali ni dakika 1,000, yaani zaidi ya saa 16: siku nzima ya mwanadamu, tangu kuamka kwake hata kulala. Mtu ambaye hathubutu kuchukua shilingi moja katika mfuko wa jirani yake hutwaa siku nzima ya majirani wengi, kisha hupanda basi akitabasamu, akaomba radhi kwa neno moja. Wizi wa fedha una jina na una adhabu. Wizi wa wakati hufunikwa kwa kicheko.

Wako wengine wasemao kinyume. Mtu, wasema, hakusafiri ili arudi, bali alisafiri ili aone. Na jicho linaloona kwa kweli halitazami saa. Anayekwenda mbio kutoka sanamu hata sanamu, akihesabu alipofika, amepita mjini lakini hakufika. Yamkini basi yule anayechelewa ndiye peke yake aliyeitimiza safari, na wale hamsini waliowahi vitini mwao wamewahi kwa sababu hawakuona kitu cha kuwazuia. Hoja hii nayo ina ukweli, ila ina kasoro moja. Aliyetaka kuwa huru na saa alikuwa na njia ya kwenda peke yake. Alichagua basi kwa kuwa nauli yake ni nafuu na taabu yake ni ndogo; na unafuu ule hautoki mbinguni, hutoka kwa wale wenzi hamsini waliokubali kufungwa na saa moja. Si uadilifu kula tunda la mapatano na kukataa kubeba mzigo wake.

Kama mambo yangeishia hapa, hoja ya kwanza ingeshinda. Lakini na litolewe fumbo moja la kuipima. Si mbali na bwawa lile upo ukuta wa mawe meusi, uliochorwa na Maya Lin na kuzinduliwa mwaka 1982, wenye majina zaidi ya 58,000 ya Wamarekani waliokufa au kupotea katika vita vya Vietnam. Majina hayo hayakupangwa kwa alfabeti, bali kwa tarehe ya kufa au kupotea. Kwa hiyo atafutaye jina hana budi kulitafuta kwanza katika kitabu, apate namba ya jiwe na ya mstari, kisha aende akalitafute kwa macho. Wengi huweka karatasi juu ya jina na kuipaka kalamu ya risasi, ili waondoke na nakala yake. Basi achukuliwe bibi mmoja mzee, ambaye ndugu yake alikufa katika vita vile, na ambaye hajapata kufika hapo maishani mwake wala hatarajii kufika tena. Saa tisa imekaribia, naye ndiyo kwanza ameliona jiwe. Je, hesabu ya dakika 1,000 inamhukumu yeye kama inavyomhukumu kijana aliyekwenda kupiga picha zaidi katika micheri? Moyo wa mtu mwenye akili unakataa. Lakini haitoshi moyo kukataa. Hapana budi ijulikane sababu.

Sababu hiyo yaweza kuonekana katika lugha yenyewe. Kiswahili kina kitenzi kimoja, kungoja, na katika shina lake yamechipua matawi yenye maadili mbalimbali. Kuna kungojesha, ambako mmoja humtia mwingine katika kungoja bila ya ridhaa yake. Na kuna kungojana, ambako kila mmoja yu tayari kumngoja mwenziwe, kwa kuwa ajua kwamba kesho naye atangojwa. Dakika ni zile zile, kiti ni kile kile, na joto la ndani ya basi ni lile lile. Lakini tendo la kwanza ni unyang'anyi na la pili ni udugu. Kinachoyatenganisha si urefu wa muda. Ni ombi. Wakati uliotwaliwa bila kuombwa ni mali iliyoporwa, hata ukiwa mfupi. Wakati ulioombwa na kutolewa ni hiba, hata ukiwa mrefu.

Mji ule wenyewe una ushahidi wa jambo hili, na mgeni aweza kuusoma kwa miguu. Katika jumba la ukumbusho wa Abraham Lincoln, lenye nguzo 36, ilifanyika sherehe ya uzinduzi tarehe 30 Mei 1922. Miongoni mwa wasemaji wa siku ile alikuwamo Robert Moton, Mwamerika Mweusi aliyekuwa mkuu wa chuo cha Tuskegee. Lakini wasikilizaji wa rangi yake walitengwa mahali pao, katika sherehe ya mtu aliyesifiwa kwa kuwakomboa watumwa. Waliambiwa, kwa vitendo kama si kwa maneno, kwamba wakati wao haujafika. Miaka 17 baadaye, siku ya Pasaka ya tarehe 9 Aprili 1939, katika majira yale yale ya maua, Marian Anderson aliimba mbele ya jumba hilo kwa watu wapatao 75,000, baada ya kunyimwa ukumbi mkubwa wa mji kwa sababu ya rangi yake. Tarehe 28 Agosti 1963 watu wapatao 250,000 walikusanyika hapo hapo kumsikiliza Martin Luther King na wenziwe. Mwaka uliofuata King alitoa kitabu kiitwacho Why We Can't Wait, jina ambalo lenyewe latangaza kwamba wako watu wasioweza kungoja tena.

Wenyeji wa Kiswahili husema kwamba subira huvuta heri. Lakini wao hao husema pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali hizi mbili hazipingani. Zinatofautiana kwa msemaji wake. Subira ni sifa njema mtu anapojihubiria mwenyewe. Anapoihubiri aliyeshiba kwa mwenye njaa, subira huwa jina zuri la dhuluma. Kungojeshwa kwa taifa zima na kungojeshwa kwa abiria hamsini ni mambo yasiyolingana kwa uzito, na ni kosa kuyafanya sawa. Hata hivyo kipimo chake ni kimoja: ni nani anayelipa gharama ya kungoja, na je, aliulizwa?

Miti yenyewe inatoa mfano wa upande wa pili. Mwaka 1910 ilifika Washington micheri 2,000 kutoka mji wa Tokyo. Ilipokaguliwa ilionekana ina wadudu na maradhi, na kwa idhini ya Rais Taft ikachomwa moto. Zawadi ya mji kwa mji ilifanywa majivu. Wakuu wa Tokyo, chini ya Meya Yukio Ozaki, wangaliweza kuona hayo kuwa tusi. Badala yake walianza upya, wakatuma miti 3,020, na tarehe 27 Machi 1912 miwili ya kwanza ikapandwa na mke wa Rais na mke wa balozi wa Japani. Hapana aliyewalazimisha kungoja miaka miwili. Waliitoa miaka hiyo pamoja na miti. Na mwaka 1952, shamba la asili la micheri hiyo karibu na Tokyo lilipokuwa limedhoofika kwa vita, vichipukizi vilitoka Washington vikarudi kulihuisha. Huko ndiko kungojana.

Sasa fumbo la bibi mzee laweza kufumbuliwa, lakini kwa masharti matatu. La kwanza ni kwamba aombe, kwa kinywa chake au kwa mjumbe, na ataje kiasi: robo saa au nusu saa. Ombi lisilo na kipimo ni amri iliyovaa kanzu ya adabu. La pili ni kwamba kundi liulizwe, wala kiongozi asitoe kwa ukarimu mali isiyokuwa yake.

Sharti la tatu husahauliwa zaidi, nalo lamhusu dereva. Sheria ya Marekani yamkataza dereva wa basi la abiria kuendesha zaidi ya saa 10 baada ya kupumzika saa 8 mfululizo, au kuendesha baada ya kutimiza saa 15 za kazi. Kutoka New York hata Washington ni kilomita zipatazo 360, mwendo wa saa nne na zaidi. Kwenda na kurudi siku moja kumekwisha kula sehemu kubwa ya saa zile, na basi likichelewa kutoka hukutana na msongamano wa jioni, safari ikarefuka. Abiria hamsini waweza kupiga kura kwa sauti moja kwamba wangoje, na kura yao ikawa batili. Maana wanaweza kutoa wakati wao, lakini usingizi wa dereva si wao, wala si wao maisha ya watu watakaokutana naye barabarani usiku.

Na yule kijana wa picha, ambaye hakuomba? Kundi halikosi likiondoka. Lakini kuachwa si kutupwa. Kiongozi ana wajibu wa kumpigia simu, kumwelekeza kituo cha treni, na kuhakikisha ya kuwa ana nauli. Haki yaruhusu basi liende. Hairuhusu basi lisahau.

Akipanda bibi yule robo saa baada ya saa tisa, ameikunja karatasi yake kifuani, wale hamsini watakuwa wamepoteza dakika zao chache za maua, na huenda mvua ya usiku ule ikayamwaga yaliyosalia. Hawatalipwa, wala hawatamwona tena. Lakini walioketi karibu na mlango watavuta magoti yao ili apite, na dereva atawasha gari.