Kamba ya Mlevi

Sikilizeni, wakatekumeni wa Himbi, habari ya mlevi mmoja. Katika sinema ya kuchekesha «Reuben, Reuben», ya Marekani, mwaka 1983, mshairi McGland anakunywa pombe bila kiasi, anatongoza wake za watu, na mashairi yamemkauka. Watazamaji wanacheka. Mwishowe anapanda kitini, kamba shingoni, apate kujiua. Ghafula moyo wake unageuka, anataka kuishi. Lakini kamba ingali shingoni. Mbwa anamrukia kwa furaha, naye anakufa.

Mungu hadharau moyo uliogeuka. Lakini ulevi na uzinzi ni kamba pia. Asemaye, «Nitaacha baada ya Pasaka», anajuaje kama ataiona Pasaka? Tarehe 17 Januari 2002, moto wa Nyiragongo haukuwauliza watu wa Goma kama wako tayari. Heri aivuaye kamba yake leo.